Singapore hadi New York ni masaa mangapi hasa? Kila ninapotazama napata jibu jingine

#1 Mpima Masafa

Wakuu, salaam kwenu.

Nisaidieni kabla sijakosana na shemeji. Ilianza kama utani tu: ndege inayotoka Singapore kwenda New York bila kutua popote njiani inatumia masaa mangapi? Yeye akasema 17. Mimi nikasema 19. Tukawekeana dau, atakayeshindwa ataosha gari la mwenzake mwezi mzima.

Nikaingia mtandaoni nikijua ni jambo la dakika mbili. Kikokotoo cha kwanza kikasema kutoka uwanja wa Changi hadi JFK ni kilomita 15,349, muda masaa 17 na dakika 3. Shemeji akaanza kucheka. Cha pili kikatoa kilomita zile zile, ila muda masaa 19 na dakika 11. Zamu yangu kucheka. Cha tatu kinasema umbali ni 9,537, cha nne kinasema 8,288, na vyote viwili vinadai hizo ni maili. Mwisho tukafungua ratiba ya shirika lenyewe: masaa 18 na dakika 40 hivi. Yaani katikati yetu, hakuna aliyeshinda!

Umbali ni mmoja, ndege ni ile ile. Majibu yote haya yanatoka wapi? Wajuzi njooni.

#2 Nipo Nimekaa

Naweka kiti hapa. Mimi nilidhani unagawanya umbali kwa mwendo, basi, umemaliza.

#3 Bi Ramani

Mpima Masafa, tuanze na maili maana hilo ni jepesi. Kuna maili ya nchi kavu, kilomita 1.609, na kuna maili ya baharini, kilomita 1.852. Marubani wameirithi ya pili kutoka kwa mabaharia, kwa sababu dakika moja ya latitudo (si ya saa, ni sehemu moja ya sitini ya digrii) ni karibu sawa na maili moja ya baharini, kwa hiyo unaweza kupima umbali pembeni mwa ramani. 9,537 na 8,288 ni urefu ule ule, fimbo za kupimia ndizo tofauti.

Sasa hiyo 15,349. Hiyo ni njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, huitwa njia ya duara kuu. Usiichore kwenye ramani ya ukutani, itakudanganya. Chukua tufe na uzi (uzi wa kushonea, si huu wetu). Shika ncha moja kwenye New York, nyingine kwenye Singapore, uvute mpaka ukaze. Utaona uzi wenyewe unakimbilia juu kaskazini.

Sababu ni hii. New York iko kwenye longitudo ya karibu 74 magharibi, Singapore karibu 104 mashariki. Jumlisha: 178. Nusu ya dunia ni 180. Kwa hiyo miji hii miwili imepeana mgongo karibu kabisa, na uzi ukikazwa unapita jirani sana na Ncha ya Kaskazini. Ramani ya ukutani haiwezi kukuonyesha hilo kwa sababu nyingi zimefuata mchoro wa Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa ili nahodha ashike pembe moja ya dira na kuifuata. Kwa baharia ni dhahabu. Ila inaivuta kaskazini kama mpira wa manati, na ncha yenyewe haimo kabisa.

#4 Kiti cha Dirishani

Bi Ramani, mimi nimepanda hiyo ndege, kutoka Singapore. Muda mwingi nilikuwa naangalia ile ramani ya kwenye skrini kwa sababu usingizi ulikataa. Ncha ya Kaskazini hatukuikaribia. Tulipanda juu kupitia upande wa Japani, tukaingia Pasifiki ya kaskazini, tukatokea upande wa Alaska, ndipo tukateremka kuvuka Kanada. Sasa huyo rubani alikosa uzi au?

#5 Bi Ramani

Hapo namwachia mwenye fani yake. Mimi najua dunia ilivyo, si jinsi inavyorukwa.

#6 Mpanga Njia

Fani yangu hiyo. Kazi yangu ni kupanga njia za ndege kabla hazijaondoka, ingawa si kwa shirika hilo mnalolijadili.

Mleta mada, vikokotoo vyako havijui chochote kuhusu ndege. Gawanya 15,349 kwa 900, unapata masaa 17 na dakika 3. Gawanya kwa 800, unapata masaa 19 na dakika 11. Ndiyo siri yote. Aliyetengeneza cha kwanza kachagua 900, wa pili kachagua 800. Wewe na shemeji mnabishania namba ambayo mtu aliichagua akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Tena hata hiyo 900 inahitaji maelezo. A350, ambayo ndiyo inafanya safari hiyo, husafiri kwa takribani asilimia 85 ya kasi ya sauti. Juu ya mita 11,000, baridi ikiwa nyuzi 56 chini ya sifuri, hiyo ni kama kilomita 900 kwa saa. Lakini ni 900 ndani ya hewa, na hewa yenyewe haijatulia. Chukua mtu anayepiga kasia mtoni. Nguvu ni zile zile, ila akishuka na maji anafika mapema, akipanda anatoka jasho. Aliyesimama ukingoni ataapa kwamba ni mitumbwi miwili tofauti.

Mto wetu sisi ni mikondo ya upepo ya huko juu, kilomita 9 hadi 12 kutoka chini. Inasababishwa na tofauti ya joto kati ya hewa ya kitropiki na ile ya upande wa ncha, na mzunguko wa dunia unaipindisha ielekee mashariki. Kilomita 150 kwa saa ni jambo la kawaida, na majira ya baridi hutokea ikapita 300. Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina la Ciara ikiwa Atlantiki, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa masaa 4 na dakika 56. Kasi yake juu ya ardhi ilivuka kilomita 1,300 kwa saa. Na haikuvunja kasi ya sauti, maana hewa iliyoibeba nayo ilikuwa mbioni.

Kiti cha Dirishani, rubani wenu hakukosa kitu. Aliufuata mto. Njia mliyopita ilikuwa ndefu kwa kilomita nyingi kuliko uzi wa Bi Ramani, huenda elfu moja na zaidi, lakini upepo uliwasukuma. Kompyuta zetu hazitafuti njia fupi. Zinatafuta njia yenye gharama ndogo ya muda na mafuta kwa upepo wa siku hiyo, na kesho zinaweza kutoa nyingine kabisa.

Na utamu ni huu: kutoka New York kurudi Singapore, mara nyingi ndege huvuka Atlantiki, ikapita Ulaya, ikateremka Asia. Yaani kwenda unaelekea mashariki, kurudi unaelekea mashariki vilevile. Ukimaliza safari ya kwenda na kurudi umeizunguka dunia bila kulipia ziada.

#7 Nipo Nimekaa

Kiti nimekisogeza mbele. Hilo la kuzunguka dunia sikuwahi kulifikiria.

Ila basi, kama upepo unakusaidia kwenda na kukuumiza kurudi kwa wale wanaorudi njia ile ile, si mwisho wa siku mnakuwa sawasawa?

#8 Mpanga Njia

Ungedhani hivyo, lakini hapana. Tuchukue New York na London, kilomita 5,540. Mwendo 900, upepo 150. Kwenda London unakwenda 1,050, unatumia masaa 5 na dakika 17 hivi. Kurudi unakwenda 750, masaa 7 na dakika 23. Jumla 12 na dakika 40. Bila upepo kabisa ingekuwa 12 na dakika 19. Umepoteza dakika 21 kwa sababu ule upepo mbaya unakaa nao muda mrefu kuliko ule mzuri. Hapo nimehesabu ukiwa angani tu, kwa mwendo mmoja toka mwanzo hadi mwisho.

#9 Swali Fupi

Samahani wakuu kwa kuwarudisha nyuma. Dunia inazunguka kwenda mashariki, kwenye ikweta karibu kilomita 1,670 kwa saa. Kwa nini ndege isipae tu, isimame hewani, ikasubiri New York ije yenyewe chini yake?

#10 Bi Ramani

Kwa sababu hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa. Ukiwa kwenye basi linalokimbia ukarusha sarafu juu, haiendi kumpiga aliyekaa kiti cha nyuma. Inarudi mkononi mwako.

#11 Meza Bapa

Mnapoteza muda. Dunia ni bapa, ncha ya kaskazini ndiyo katikati, ndiyo maana ndege zenu zote zinakimbilia kaskazini. Huo uzi wa Bi Ramani umethibitisha.

#12 Bi Ramani

Nilikuwa nakungoja. Tushuke kusini basi, Sydney hadi Santiago ya Chile. Kuna ndege za abiria zinazofanya safari hiyo bila kutua, kwa masaa 12 hadi 14 kutegemea unaelekea wapi. Kwenye tufe ni kilomita 11,340, na uzi unazama kusini kuelekea Antaktika. Kwenye meza yako, ncha ya kaskazini ikiwa katikati, miji hiyo miwili iko pande tofauti za ukingo na umbali unakuwa kama kilomita 25,700. Ili abiria wafike kwa masaa yale, ndege lazima iende zaidi ya kilomita 1,800 kwa saa hata kwa safari ile ya masaa 14. Huo ni mwendo wa Concorde, ambayo ilistaafu mwaka 2003 na tangi lake lilikuwa linaishia kama kilomita 7,000.

Tafadhali ukijibu jibu na kilomita zako, si na video.

#13 Meza Bapa

Nitarudi.

#14 Mama Tiketi

Nimesoma mpaka hapa, wanaume na hesabu zenu tamu, ila mnasahau kitu kinachotutesa sisi tunaosafiri: saa za kwenye tiketi. Muda wa kuondoka na wa kufika unaandikwa kwa saa za mahali husika. Majira ya baridi New York iko nyuma ya Singapore kwa masaa 13, majira ya joto 12, kwa kuwa New York wanasogeza saa zao na Singapore hawasogezi. Ukiondoka Singapore Jumanne saa sita mchana wakati wa baridi, New York bado ni Jumatatu saa tano usiku. Weka safari ya masaa 18: unatua Jumanne saa kumi na moja jioni. Macho yanakwambia umesafiri masaa matano! Sasa rudi. Unatoka New York Jumanne saa sita mchana, unafika Singapore Jumatano saa moja usiku. Hapo tiketi inaonekana ni masaa 31. Nimeshaona mtu akilalamika kwamba ameuziwa safari mbovu ya kurudi.

Na sisi wenye saa za Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada. Niliwahi kuwa na tiketi imeandikwa Jumatano 00:40. Kichwani mwangu saa sita na dakika arobaini usiku ni usiku wa Jumatano, siyo? Jumatano jioni nikafunga begi, nikaaga watu, nikafika uwanjani mapema kabisa nikijisifu. Dada wa kaunta akaangalia tiketi, akaniangalia, akaangalia tena tiketi. Ndege yangu ilikuwa imeondoka jana yake, ule usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Nilitakiwa kuwa pale Jumanne saa nne usiku. Nililia kwenye benchi.

Tangu siku hiyo tiketi yoyote yenye 00 mwanzoni naiandika kwa kalamu nyekundu: "kuamkia".

#15 Kiti cha Dirishani

Pole sana Mama Tiketi. Hilo la "kuamkia" limetupata wengi, tofauti ni kwamba wewe umesema.

#16 Fasaha Daima

Ni saa, si masaa. Endeleeni.

#17 Nipo Nimekaa

Fasaha Daima ametumia saa moja kuandika hayo au masaa mawili?

#18 Mama Tiketi

Naongeza jambo, maana linahusu swali la mleta mada. Alisema "bila kutua popote", na amesema vizuri. Wauzaji wengi wakikwambia "ndege ya moja kwa moja" wanamaanisha namba ya safari haibadiliki, si kwamba hamtui. Singapore Airlines wana safari nyingine, SQ26, inayokwenda New York kupitia Frankfurt. Namba moja, unashuka, unapanda tena. Mtu akikata hiyo halafu mwenyeji wake akamhesabia masaa 18, atasubiri uwanjani mpaka achoke.

#19 Bi Ramani

Na hapo tazama kilomita. Singapore hadi Frankfurt ni kama 10,280, Frankfurt hadi JFK kama 6,190. Jumla 16,470. Ni ndefu kuliko uzi kwa kilomita 1,100 tu, na kwa maelezo ya Mpanga Njia hata ile isiyotua huwa inazunguka kiasi hicho hicho! Masaa yanayoongezeka mengi yanatoka kwenye kushuka, kusubiri, na kupaa upya.

#20 Tangi Kamili

Halafu watu wanadhani kutotua njiani ni kuokoa mafuta. Kwa safari ndefu namna hii ni kinyume. Hiyo A350-900ULR ina uwezo wa kubeba lita 165,000 za mafuta, kama tani 130. Saa za mwanzo sehemu kubwa ya mafuta yanaungua kwa ajili ya kubeba mafuta mengine ya saa za mwisho. Ukitua katikati ungebeba nusu nusu. Ndiyo maana ndani wameweka viti 161 tu, 67 vya daraja la biashara na 94 vya lile lililo kati ya hilo na la kawaida. La kawaida halimo kabisa. Ndege ya ukubwa huo ukiipanga kawaida hubeba watu 300 na ushee. Waliwahi kuifanya njia ya Newark, uwanja mwingine wa eneo la New York, kwa A340-500 yenye injini nne, kuanzia 2004, wakaiacha 2013 kwa sababu ya kiu yake. Wakarudi Oktoba 2018 na injini mbili, na JFK ikafuata Novemba 2020.

Ila uwezo wa kwenda mbali si mpya. Novemba 2005 Boeing walirusha 777-200LR kutoka Hong Kong hadi London kwa kuelekea mashariki, wakavuka Pasifiki, Marekani na Atlantiki. Kilomita 21,602, masaa 22 na dakika 42. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mzingo wa dunia. Abiria wa kulipa hawakuwemo.

#21 Kiti cha Dirishani

Masaa 22! Mimi baada ya saa ya 14 nilikuwa nasoma kadi ya usalama kwa mara ya nne.

#22 Mpanga Njia

Nimerudi kumalizia sehemu mbili niliziruka.

Ya kwanza, anga si barabara ya umma. Kila nchi ina anga yake na inaweza kuifunga. Mwishoni mwa Februari 2022 Urusi ilifunga anga yake kwa mashirika ya nchi za Umoja wa Ulaya, baada ya nchi hizo kuwafungia Warusi. Finnair walikuwa wanakwenda Helsinki hadi Tokyo, kama kilomita 7,800, kwa masaa tisa na kitu. Ghafla ikawa kama masaa 13, siku nyingine wakipita juu kabisa upande wa Ncha ya Kaskazini, siku nyingine wakizunguka kusini. Fungua vikokotoo vile leo: umbali haujabadilika hata mita moja. Na kupita nchani si kugeuza usukani tu. Mafuta ya ndege ya aina ya Jet A huanza kuganda nyuzi 40 chini ya sifuri, Jet A-1 nyuzi 47, kwa hiyo joto la tangi linaangaliwa njia nzima, na ndege ya injini mbili lazima wakati wote iwe na kiwanja cha kukimbilia ndani ya dakika ilizoruhusiwa.

Ya pili ndiyo itakayoamua dau lenu. Masaa 18 na dakika 40 ya ratiba si muda wa kuruka. Yanahesabiwa tangu magurudumu yanapoanza kusogea kwenye maegesho mpaka yanaposimama kwenye maegesho ya upande wa pili. Ndani yake kuna kusukumwa nyuma, foleni ya njia ya kurukia, kutua, na kutafuta geti. Mashirika pia huweka akiba kidogo ili siku mbaya isiwaaibishe. Kwa hiyo tofauti ya saa nzima kati ya ratiba na muda wa angani isiwashangaze.

#23 Mpima Masafa

Wakuu, mmenifungua macho. Ripoti ya mwisho.

Jana tumekaa na shemeji tukaifuatilia safari moja kwenye zile programu za kuonyesha ndege, tangu Singapore. Ikapita Japani kama alivyosema Kiti cha Dirishani. Juu ya Pasifiki kasi ikapanda, ikawa inasoma kilomita elfu na zaidi kwa saa, shemeji akawa anapiga makofi kila inapoongezeka kana kwamba ni farasi wake. Tulilala kwa zamu.

Kuanzia magurudumu yalipoacha ardhi hadi yalipogusa JFK ni masaa 17 na dakika kadhaa. Shemeji karuka juu. Nikamwonyesha ujumbe wa Mpanga Njia, kwamba muda wa safari unahesabiwa maegesho hadi maegesho, na hapo inakuwa masaa 18 na dakika zake. Anasema tulibishania "ndege inatumia masaa mangapi", na ndege ikiwa imeegeshwa haitumii kitu. Mimi nasema basi tuhesabu tangu mlango ufungwe, maana abiria kashakaa. Yeye anasema tukifika huko tuhesabu na foleni ya pasipoti.

Magari yote mawili bado ni machafu.

#24 Meza Bapa

Nimerudi. Hiyo Santiago, wamesema inaondoka saa ngapi?